Njaa Iliyojificha Ghalani

Sisi tuliosoma Mbeya tulikaririshwa darasani kwamba Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma ndiyo "Mikoa Minne Mikuu", ghala la taifa. Ukijibu hivyo kwenye mtihani unapata vema. Swali la pili hatukuulizwa: je, watoto wa wenye ghala wanashiba?

Jirani zetu wa Iringa waliulizwa swali hilo miaka ya 1980. Mimi naona majibu yake ni sura kubwa katika historia ya ustawi wa jamii nchini, ingawa vijana wengi hatuijui.

Kule Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ilijenga utaratibu wa kumlinda raia tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Mfanyakazi alikatwa sehemu ya mshahara. Akiugua au akikosa kazi, analipwa. Sisi nasi tulianzisha mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NPF, mwaka 1964. Lakini hivi mkulima wa Ismani asiye na mshahara, utamkata nini? Baada ya Azimio la Arusha la 1967 alijibiwa kwa njia nyingine: zahanati, shule na maji vipelekwe kijijini.

Halafu ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, maduka yakabaki matupu. Katika dhiki hiyo, mwaka 1983, Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walianzisha mradi wa lishe mkoani Iringa. Ulianzia vijiji 168.

Kila miezi mitatu watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito palepale kijijini. Kadi zilikuwa na rangi: kijani ni salama, kijivu ni hatari, nyekundu ni hatari kubwa. Matokeo hayakufungiwa kabatini wilayani, bali yalijadiliwa na uongozi wa kijiji. Mwenyekiti aliyezoea kuhesabu magunia sasa alitakiwa ahesabu na watoto walio kwenye nyekundu.

Wakajiuliza: mahindi si yapo? Yapo, ndiyo. Ila mama anashinda shambani, na mtoto anakula mara mbili tu kwa siku. Tumbo lake ni dogo. Uji mwepesi ni maji matupu, na ule mzito unamshinda kumeza. Basi vikaanzishwa vituo vya kuwalisha watoto mchana. Akina mama wakahimizwa kutumia kimea, ambacho hulainisha uji mzito bila kuongeza maji. Wahudumu wa afya wa kijiji wakafundishwa, chanjo zikasimamiwa. Hata mzigo wa kazi za mama ukawa hoja ya kikao, jambo ambalo wanaume wengi walikuwa hawajawahi kulijadili hadharani.

Kufikia 1988, watoto wa nyekundu walikuwa wameshuka kutoka kama 6 katika kila 100 hadi chini ya 2. Wenye uzito pungufu walishuka kutoka kama 56 hadi 38.

Baadaye fedha za wafadhili zilipungua, na mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza ada. Leo hali ikoje? Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu watoto 57 katika kila 100 mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni 30. Kudumaa hupimwa kwa urefu, si uzito, hivyo tusizilinganishe namba hizi moja kwa moja. Lakini aibu ni ileile: ghala limejaa, mtoto kapungukiwa.

TASAF imekuwepo tangu 2000, na sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023. Sizibezi hata kidogo, fedha zinahitajika. Ila fedha peke yake haimuulizi mwenyekiti kwa nini mtoto wa jirani yake hakui. Iringa waliuliza, tena kikaoni, na kila baada ya miezi mitatu wakauliza tena.

Nasi tunaotaka kuwa waandishi tunapenda mno kuandika habari za Dar na mapenzi yake. Hebu kaa na mama au bibi yako jioni moja, umuulize kadi yako ilikuwa rangi gani, na siku hiyo alikuwa analima shamba la nani.