Pembezoni mwa Daftari

Nilipokuwa darasa la nne, kwetu Ruaruke, nilichapwa fimbo mbili kwa sababu ya pembetatu. Hazikuwa pembetatu za hesabu. Nilikuwa nimezipanga pembezoni mwa daftari kutoka juu hadi chini, moja imesimama, inayofuata imepinduka, na kila moja nimeijaza vimistari. Mwalimu alilinyanyua daftari darasa zima lilione, akauliza, "Wewe umekuja kusoma au kusuka mikeka na bibi yako?" Watoto wakacheka. Mimi nililia, lakini moyoni nilijua mwalimu kapatia. Pembetatu zile nilizitoa kwenye mkeka niliokuwa nalalia.

Sikulifikiria tena daftari lile mpaka mafuriko ya Aprili 2024, yale yaliyoingia Rufiji na Kibiti. Dada yangu alipoteza shamba la mpunga na karibu kila kilichokuwa ndani ya nyumba, pamoja na mkeka wa bibi. Mwanawe wa miaka minane akaja kukaa kwangu Mbagala. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, yaani ukimwita mara moja anakuitikia mara tatu. Safari hii alikaa kimya. Mvua ikianza kugonga bati, anasimama mlangoni kuangalia maji yanakoelekea.

Nikaingia kwenye intaneti kutafuta cha kufanya na mtoto wa namna hiyo. Nikakutana na Zentangle, njia ya kuchora nakshi iliyoanzishwa Marekani na Rick Roberts na Maria Thomas. Unachukua kijikaratasi cha mraba, upana wake kama sentimita 9, unakigawa kwa mistari michache, kisha kila sehemu unaijaza nakshi ndogo inayojirudia. Kifutio hakuna. Ukikosea, unaendelea kutokea hapo hapo ulipokosea. Wanasema inatuliza akili, mkubwa anaweza kuifanya na mdogo. Nikacheka peke yangu. Kumbe nilichapiwa kitu ambacho leo watu wanalipa kufundishwa!

Jioni ile nilikata karatasi, si mraba, bali ukanda wa upana wa vidole viwili. Nikachora pembetatu moja nikaijaza vimistari. Nikamsogezea mpwa wangu kalamu. Hakusema kitu, ila akachora ya pili.

Sasa msomaji wangu, ngoja nikupeleke nyuma kidogo. Historia ya Rufiji iliyoandikwa ni ya moto na maji. Utasoma Vita vya Maji Maji vya 1905, vilivyoanza kwa watu kung'oa pamba huko Umatumbi. Utasoma meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye delta ikaishia humo Julai 1915. Utasoma mafuriko ya 1968 na Operesheni Rufiji, watu walipohamishwa mabondeni kwenda vijiji vipya. Mkeka hauna tarehe yake humo. Na hauwezi kujitetea, maana mkeka unaoza.

Chungu hakiozi. Mwanaakiolojia wetu, Felix Chami, alichapisha mwaka 1994 kitabu kuhusu pwani ya Tanzania katika miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo. Ndani yake kuna michoro ya vigae vya vyungu. Ukiifungua kurasa zile utasema ni daftari la mtoto mtukutu: shingoni mwa chungu umezunguka ukanda, na ndani ya ukanda kuna pembetatu, na kila pembetatu imejazwa vimistari vilivyochanjwa udongo ukiwa bado mbichi. Wataalamu wameviita vyungu hivyo kwa jina la hizo hizo pembetatu. Vilitumika kuanzia karne ya 6 hivi mpaka ya 10, na vigae vyake vimeokotwa kuanzia pwani ya Kenya hadi Msumbiji. Huyo huyo Chami ndiye aliyetangaza mwaka 1999 kupatikana kwa shanga za Kirumi huku kwetu Rufiji, na shanga zile zikapata sifa dunia nzima. Mimi, nisameheni, nabaki na vigae. Shanga zilisafiri kuja. Vimistari vile vilichanjwa na mkono wa mtu wa hapa hapa pwani, na chungu kingepika vilevile bila hivyo vimistari.

Angalia kinachofanana. Shingo ya chungu ni ukanda. Pembezoni mwa daftari ni ukanda. Na mkeka wetu nao huanza kama ukanda, tunauita ukili. Makuti machanga ya mkindu yanachanwa, yanaanikwa, mengine yanachemshwa na rangi, kisha chane zinasukwa kuwa ukili mrefu unaopimwa kwa pima. Baadaye ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie.

Wanahesabu wanasema nakshi ya ukanda inaweza kujirudia kwa njia saba tu: unaisogeza, unaigeuza kama kwenye kioo, unaipindua, au unachanganya hizo. Ya nane haipo. Paulus Gerdes, mwanahesabu wa Msumbiji, pamoja na Gildo Bulafo, walichunguza vikoba vya kusuka vya Inhambane viitwavyo sipatsi, wakachapisha kitabu mwaka 1994. Njia zote saba walizikuta kwenye vikoba.

Haya yote nilimweleza shangazi yangu alipokuja mjini kuangaliwa mtoto wa jicho. Alikuja na furushi la ukindu, maana hawezi kukaa mikono mitupu. Nikamwambia, shangazi, kumbe kusuka kunapumzisha akili. Akaniangalia kwa lile jicho moja linaloona vizuri.

"Kupumzika? Mwanangu, mkeka ndio ulionunua hilo daftari ulilolichorachora ukachapwa."

Nikanyamaza. Ni kweli. Tukiandika kuhusu mikono ya mama zetu tunapenda kuipamba, tunasahau mgongo unaouma na mnunuzi wa barabarani anayepunguza bei mpaka unaona aibu kumjibu. Bibi hakusuka ili atulie. Lakini shangazi aliendelea kusuka, na baada ya kitambo akasema, taratibu, kama anajisemea: "Ila mkishakaa watatu wanne barazani, mikono inakwenda, hapo hata msiba mnauongea." Nadhani hapo ndipo palipo na dawa. Ukiwa unahesabu chane, macho yako chini, unaweza kusema jambo ambalo usingelisema mkitazamana usoni.

Maana usiku wa tatu, mpwa wangu akiwa amelala kifudifudi sakafuni, anachora huku bibi yake anasuka, alisema bila kuinua kichwa: "Bibi, mkeka wetu ulielea. Niliuona unakwenda." Shangazi hakusimamisha mikono. Akamuuliza tu, "Ulikuwa na nakshi gani?" Mtoto akaanza kuichora. Akichora, shangazi anausoma ukili wake kwa ncha za vidole, anamwambia hapa umeruka chane, hapo rangi nyekundu inaingia chini inatokea juu. Wakalumbana mpaka saa nne usiku. Nilizima taa ya sebuleni mara mbili, wakaiwasha.

Shangazi amerudi Ruaruke kusubiri tarehe ya upasuaji. Ametuachia kipande cha ukili chenye nakshi ya bibi, urefu wa mkono mmoja, na mtoto anacho cha karatasi. Havifanani sana. Cha karatasi kina kosa katikati, na kuanzia hapo nakshi yote imehama.

Maneno yake hayajarudi yote, na mvua ikinyesha bado anakwenda mlangoni. Ila wiki iliyopita daftari lake la hesabu limerudi kutoka shule na alama ya kuuliza kwa wino mwekundu, pembezoni, kando ya safu ya pembetatu. Jumatatu nitakwenda kumuona mwalimu. Nitaubeba na ule ukili.