Dawa Iliyotoka Kwenye Udongo na Mkimbizi Aliyefuata Siri Yake

Udongo sisi tunaujua: tumeulalia njiani, tumeufyatulia matofali, umetuingia hadi kwenye vidonda. Leo tuongee upande wake mwingine.

Mwaka 1939 huko New York, René Dubos, Mfaransa aliyehamia Marekani, alitangaza jambo la ajabu. Alikuwa ameulisha udongo bakteria wa magonjwa, akangoja aone nani humo atawala. Akampata bakteria aliyeitwa wakati huo Bacillus brevis, na kwake akatoa gramisidini. Hiyo ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, inayoharibu utando wa bakteria.

Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, Georgy Gause na Maria Brazhnikova wa Moscow wakapata ndugu yake, gramisidini S. Ilitibu vidonda vya askari. Lakini ilikuwa ya kupaka tu. Ikiingia kwenye damu inavunja chembe nyekundu.

Sasa, inatengenezwaje? Kwa kawaida protini huundwa na ribosomu, zikifuata maagizo ya jeni hatua kwa hatua. Hii sivyo! Mmoja wa waliofuatilia ni Fritz Lipmann, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani. Alihamia Denmark mwaka 1932, Hitler akashika utawala kwao, na mwaka 1939 akavuka kwenda Marekani. Mwaka 1953 akapata Tuzo ya Nobel, ila hakukaa kupumzika. Miaka ya 1960, akiwa ameshapita umri wa miaka 60, yeye na wenzake, pamoja na watafiti wa Japani na Norway, walionyesha kwamba gramisidini S huundwa bila ribosomu.

Hebu kumbukeni tunavyojenga: tunasimama mstari, tofali linatoka mkono hadi mkono. Ndivyo vimeng'enya viwili vikubwa vinavyofanya. Vinashika asidi amino moja moja na kuziunganisha hadi zifike tano. Tano na tano zinafungwa pamoja, inakuwa pete ya kumi.

Jamani, tusielewane vibaya: hatusemi tupake udongo kwenye kidonda! Humo humo anaishi bakteria wa pepopunda. Ukijikata, osha kwa maji safi na sabuni, uende kliniki ukaulize chanjo. Dawa ilitoka kwenye udongo kwa sababu kuna watu waliosoma kwa subira, na mmoja wao alikuwa amekimbia kama sisi.