Baruti Inatoka Wapi?

Ukimwita mwanamume gumegume, umemtukana. Yupo lakini hafai kitu. Kamusi inayokupa tusi hilo inakupa pia maana nyingine: gumegume ni bunduki ya kale, ya kujazwa kupitia mdomo wa mtutu na kuwashwa kwa cheche ya jiwe. Na si neno hilo peke yake tulilobaki nalo. Mtu akila ugali kama anafukuzwa tunasema anaushindilia, na kushindilia ndiyo iliyokuwa kazi ya mwenye gobore kabla ya kila risasi. Fataki tunazorusha sikukuu zina jina la kidude kidogo cha shaba kilichokuja kuchukua nafasi ya lile jiwe.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, na tangu hapo nasoma historia bila mtihani wala mhadhiri. Napenda sana maswali ambayo darasani yanaonekana madogo. Hili ni mojawapo: bunduki hizi zilijazwaje, na mtu aliyechagua moja kati yake alikuwa anachagua nini hasa?

Swali lenyewe linanihusu. Nimezaliwa Mumias. Kwa baba ni Wawanga, kwa mama ni Wabukusu wa upande wa Webuye. Kila tunapokutana kwa mahari au matanga, khocha, yaani mjomba, lazima atutupie lile neno: "Nyinyi ndio mlituletea mzungu Chetambe na bunduki." Watu wanacheka, chai inamiminwa, lakini mzaha wenyewe una mfupa ndani. Upande mmoja unasema Wanga walipewa bunduki wakawauza jirani zao. Upande wa pili unajibu kwamba Nabongo alikuwa na akili, aliona mbali. Wote wanakubaliana jambo moja bila kulichunguza: kwamba aliyekuwa na bunduki ndiye aliyekuwa na nguvu. Hapo ndipo mimi nasimama na kuuliza.

Hebu tulijaze gobore kwanza, kwa maneno tu, ndipo tuone lilikuwa linataka nini.

Unaanza kwa kuhakikisha mtutu ni mtupu. Unatumbukiza mdeki, ile fimbo nyembamba inayokaa chini ya mtutu, na kuona imefika wapi. Wenye hekima waliweka alama mbili kwenye mdeki: alama ya mtutu mtupu na alama ya mtutu uliojazwa. Aliyesahau kwamba ameshajaza na akajaza tena angeweza kupasukiwa na mtutu usoni. Kisha unapima baruti kwenye kikombe kidogo, kamwe humimini moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia, maana cheche moja iliyobaki ndani ya mtutu ingepanda hadi kwenye pembe uliyoishika. Baruti hiyo ni nyeusi, ya mchanganyiko wa kale: shura sehemu 75 kwa mia, makaa ya mti 15, kiberiti cha unga 10. Juu yake unaweka risasi ya mviringo, imefungwa kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta ili ibane. Unaishindilia mpaka ikalie baruti barabara, bila nafasi katikati. Mwisho kabisa, wakati mtutu umeelekezwa mbali na watu, unaweka kiwashio: ama baruti kidogo kwenye kijisahani cha gumegume, ama fataki juu ya kifa, kile kichuchu cha chuma kinachopigwa na mtambo. Mpangilio huo haubadilishwi. Kiwashio kikitangulia, anayeshindilia anajishindilia kifo.

Ukishafyatua, moshi mweupe unakuficha mlengwa. Masizi yanaganda ndani ya mtutu, na baada ya risasi chache ya kufuata inakuwa ngumu kuingia mpaka usafishe. Jioni unaosha kwa maji ya moto, unakausha, unapaka mafuta. Ukilala bila kufanya hivyo, kutu inaamka kabla yako. Na usisahau mvua. Sisi wa Mumias tunajua mawingu ya saa nane mchana yanavyokuja bila kupiga hodi. Baruti nyeusi inavuta unyevu, na kijisahani cha gumegume kikilowa, ulichoshika ni rungu la bei ghali.

Askari aliyefunzwa vizuri aliweza kufyatua gumegume kama mara tatu kwa dakika. Mpiga upinde mzuri alimzidi kwa mbali. Kwa hiyo usidhani watu waliziacha silaha zao mara tu walipoona gobore. Waliliweka pembeni ya mikuki na mishale, kama kitu cha mshtuko wa kwanza, cha kulinda lango, cha kuua tembo.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Swali la kwanza ni la mtutu wenyewe: laini au wenye michirizi? Mtutu laini hauchagui chakula. Unaweza kuulisha marisaa kwa ajili ya kanga na kwale, au risasi moja nzito kwa mnyama mkubwa. Lakini kupita mita 70 au 80 unampigia Mungu dua. Mtutu wa raifo umechorwa michirizi iliyojipinda ndani kama uzi wa skrubu, risasi inatoka ikizunguka na kushika njia yake. Huo ndio wa kulenga shabaha. Ubaya wake wa zamani ni kwamba risasi inayobana michirizi ilikuwa ngumu kushindilia, mpaka Mfaransa Claude Minié alipotoa mwaka 1849 risasi ndefu yenye tundu kwenye kitako chake: inaingia kwa urahisi, na baruti ikiwaka kitako kinatanuka na kukamata michirizi. Uingereza ilifuata mkondo huo katika Enfield ya 1853, iliyofika mamia ya mita.

Swali la pili ni unene wa mtutu. Zamani ulipimwa kwa idadi ya risasi zinazotoka kwenye ratili moja ya madini ya risasi: namba 12 maana yake kumi na mbili kwa ratili, namba 4 maana yake nne tu, kila moja zaidi ya gramu 110. Frederick Selous, aliyezikwa Beho Beho kule Rufiji baada ya kuuawa vitani mwaka 1917, alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870 kwa magobore ya namba 4. Kishindo chake kilikuwa mateso kwa bega la mpigaji pia.

Swali la tatu ndilo lililoamua mambo kwetu: unawashaje? Hapa palikuwa na ngazi tatu. Gumegume linataka jiwe na baruti. Bunduki ya fataki inataka baruti na fataki. Bunduki ya viasi, ya kujazwa nyuma, inataka kiasi kamili, yaani ganda la chuma lenye kila kitu ndani yake. Kila ukipanda ngazi unapata kasi, na kila ukipanda unajifunga kamba fupi zaidi kwa muuzaji. Risasi ya gobore fundi wa kijijini anaweza kuiyeyusha, akikosa madini anaweka vipande vya chuma. Fataki hatengenezi, zinatoka kiwandani ng'ambo. Kiasi kikiisha, bunduki nzuri kuliko zote inakuwa fimbo. Kwa hiyo kuchagua bunduki kulikuwa ni kuchagua umtegemee nani, na kwa ukaribu gani.

Wazungu walilijua hili kwa sababu wao wenyewe ndio waliokuwa wakipanda ngazi. Mwaka 1866 Uingereza ilianza kuzikata Enfield zake nyuma na kuzitia kizibo chenye bawaba. Hiyo ndiyo Snider, gobore lililofanyiwa upasuaji. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha, za zamani zikatafuta soko, na soko moja kubwa lilikuwa Unguja. Kutoka huko zikaenda bara pamoja na vitambaa, shanga na nyaya, makumi ya maelfu kwa mwaka kufikia miaka ya 1880. Kule Unyamwezi, Mirambo alikuwa ameshajenga dola kwa rugaruga wenye magobore kabla ya kufa mwaka 1884. Na mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kuionya juu ya wingi wa silaha zinazoingia.

Misafara hiyo ndiyo iliyofika kwetu. Joseph Thomson alipoingia Mumias mwaka 1883, wafanyabiashara wa pwani waliuita mji Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu. Alikuta Shiundu ameshafariki na mwanawe, Mumia, yuko kwenye kiti. Mji ulikuwa na ukuta wa udongo na handaki kuuzunguka, na ukuta kama huo unaeleza mengi: dhidi ya mikuki na magobore ya polepole, ulifaa. Waswahili waliopumzika hapo wakielekea kutafuta pembe za ndovu, pamoja na kufanya biashara ya watumwa, walikuwa na bunduki. Mumia alikuwa na chakula, maji na njia. Wakaelewana. Lakini ona vizuri nani anamhitaji nani. Baruti haikuchimbwa Elureko. Ilibebwa kichwani kwa miezi kutoka Pangani au Mombasa. Nguvu ya bunduki iliyokaa Mumias ilikuwa ya wageni, na Nabongo aliishika kwa kuwashika wageni. Ndiyo sababu Frederick Jackson wa kampuni ya Waingereza alipokuja mwaka 1889, na Carl Peters wa Wajerumani mwanzoni mwa 1890, kila mmoja na bendera yake, Mumia aliwapokea wote. Wengine wanaita hiyo tamaa. Mimi naona mtu anayejua njia ya baruti inapita wapi.

Kisha mlango ukafungwa kwa sheria. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, ulioandikwa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia bunduki za raifo na za viasi kuingia sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mpaka 22 kusini. Kilichoachwa kwa wenyeji, kwa masharti, kilikuwa nini? Bunduki za jiwe zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Yaani gumegume. Mabwana wale walikaa mezani wakachagua kwa niaba yetu ngazi ya chini kabisa, wakabaki na ile ya juu.

Sasa tuje Bungoma, alikotuumiza khocha. Hadithi ya kawaida ni kwamba Wabukusu walishindwa kwa sababu walikuwa na mikuki dhidi ya bunduki. Haikuwa hivyo kabisa. C. W. Hobley, aliyekuja kusimamia kituo cha Mumias mwaka 1895, anaeleza katika kumbukumbu zake za 1929 kwamba askari wa Kisudani waliotoroka walikuwa wamewauzia Wabukusu bunduki. Mtangulizi wake, Frank Spire, alituma askari wapatao 25 kuzidai, nao wakaangamizwa. Kwa hiyo Wabukusu walikuwa wameruka ngazi: walikuwa na bunduki za kisasa mkononi. Walichokosa ni anayewaletea viasi vingine. Kila risasi waliyofyatua ilikuwa inatoka kwenye mfuko usiojazwa.

Agosti 1895 walijifungia katika ngome za udongo, kwanza Lumboka, halafu Chetambe. Waliowajia walikuwa Wasudani wa serikali, Waganda, Wamasai, na ndiyo, Wawanga pia. Hilo silifichi. Walikuja na bunduki ya Maxim, inayotema risasi zaidi ya mia tano kwa dakika, na nyuma yake kulikuwa na njia ndefu ya wapagazi, meli na viwanda. Ukuta uliozoea gobore haukutosha. Watu wengi walikufa Chetambe, wanawake na watoto wakachukuliwa mateka, na ng'ombe wakaswagwa.

Siandiki haya ili kuwasafisha watu wa baba. Walienda, na walirudi na mifugo. Ila wanaposema walikuwa na nguvu ya bunduki, nauliza baruti ilitoka wapi. Historia ilijibu haraka. Desemba 1901 reli ilifika Kisumu, na njia ya misafara iliyoipa Mumias umuhimu wake ikaanza kukauka. Mwaka 1909 Mumia akatangazwa chifu mkuu, cheo kikubwa kilichotolewa na mkono uleule ulioshika ghala la silaha. Mwaka 1920 makao ya serikali yakahamia Kakamega. Mwaka 1926 akastaafishwa, na akafariki mwaka 1949.

Leo kule Marekani kuna misimu ya uwindaji iliyotengwa kwa wenye magobore tu. Mtu ana raifo ya kisasa kabatini, lakini anachagua kupima baruti na kushindilia, kwa raha ya kupata risasi moja tu na kuilenga kwa utulivu. Ninamwelewa. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977, na bunduki yoyote inataka leseni ya serikali, kwa hiyo hatuna mchezo huo. Lakini tofauti kati yetu naye ilianza kabla ya marufuku hiyo. Yeye anachagua gobore huku duka la viasi likiwa wazi. Babu zangu, wa Elureko na wa Chetambe, walichagua huku duka likiwa la mtu mwingine, na huyo mtu alikuwa na ufunguo mfukoni.