Bure ya Unguja, Asilimia ya Kenya

Tarehe 1 Oktoba 2024 ilianza mipango miwili ya bima katika pwani hii. Kenya iliuzika mfuko wake wa NHIF, ulioanzishwa 1966, ikaleta Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Zanzibar nayo ikaanza kumtoza mgeni wa nje dola 44 za bima kupitia Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC), hata kama kaja na bima ya kwao.

Mkenya mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Anayepata shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750, sasa ni 550. Wa 100,000 kapanda kutoka 1,700 hadi 2,750. Hapo sina ugomvi. Tabu ni kwa wasio na mwajiri. Mvuvi wa Lamu hukadiriwa kipato cha kaya yake, na hata akipewa kima cha chini, 300 kwa mwezi, hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600 kabla hata hajaumwa. Kusi likivuma na ngalawa iko pwani, atazitoa wapi? Serikali yenyewe imeliona hilo, ikabuni Lipa SHA Pole Pole, yaani mkopo wa kulipia bima.

Mvuvi wa Nungwi, huku Unguja, hadaiwi mchango wowote. Afya si jambo la Muungano, na tangu Mapinduzi ya 1964 Zanzibar imeshikilia ahadi ya rais wake wa kwanza, Mzee Karume, ya matibabu bure, ilhali Tanzania Bara ilianza uchangiaji 1993. Lakini dawa isipokuwepo hospitali, huandikiwa cheti akanunue dukani, na pale kaunta yuko peke yake: hakuna mfuko unaombebea hata robo ya bei. Anayeuza ng'ombe ili anunue dawa ameshalipia hiyo bure, tena kwa bei ya siku mbaya.

Zile dola 44 zisimdanganye mtu. Zinamkinga mgeni, si mwenyeji. Kinachonipa matumaini zaidi ni Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliotungiwa sheria 2023 na kuanza na watumishi wa umma. Ningependa mlango wa hospitali ubaki bure kama ulivyo, na mishahara, ya mahoteli ya Kiwengwa ikiwemo, ikatwe kwa mtindo wa Kenya ili kujaza kabati la dawa. Mvuvi aachwe.