Namba za DNS kwenye ruta ya nyumbani: mambo ya kukagua kabla ya kubadili

Katika kata ya Tingi, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi wilayani Kilwa, ruta inayowekewa laini ya simu ni chombo kinachozidi kuzoeleka majumbani, madukani na katika nyumba za wageni. Ruta moja huhudumia watu wengi: mwanafunzi anayesubiri matokeo ya Baraza la Mitihani, mfanyabiashara anayelipia leseni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kijana anayejaza maombi ya kazi katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Wote hao, bila kujua, hutegemea namba chache zilizoandikwa ndani ya ruta hiyo, nazo ni anwani za seva za majina, maarufu kwa kifupi cha DNS.

Kompyuta na simu haziitani kwa majina. Kila seva iliyo kwenye intaneti hufikiwa kwa anwani ya namba, na mtumiaji anapoandika necta.go.tz ni lazima kwanza jina hilo ligeuzwe kuwa namba. Kazi hiyo hufanywa na mfumo wa majina ya vikoa, uliobuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla ya hapo majina yote ya kompyuta za mtandao yaliwekwa katika faili moja lililonakiliwa huku na huku, utaratibu ambao haukuweza kuendelea kadiri kompyuta zilivyoongezeka.

Mfano wake ni msafiri mgeni anayeshuka basi Nangurukuru. Hajui kwamba barabara ya kwenda Kilwa Masoko inachepukia upande wa baharini na ile ya Lindi inaendelea mbele, hivyo anauliza. Akijibiwa kweli atafika. Akijibiwa uongo ataenda kwingine huku akiamini yuko njiani. Ruta nayo ina mtu wake wa kumuuliza njia, naye ni seva ya majina ambayo namba yake imeandikwa kwenye mipangilio.

Seva hiyo haijui kila kitu. Kwa jina lisilo kwenye kumbukumbu yake huanzia kwenye seva za mzizi, ambazo hutambulishwa kwa majina 13 duniani kote, ielekezwe kwa wasimamizi wa kikoa cha .tz, kisha kwa wanaosimamia majina ya .go.tz, hadi ipate namba kamili. Kikoa cha .tz kimekuwapo tangu mwaka 1995. Mwaka 2006 ulianzishwa Usajili wa Vikoa Tanzania, tzNIC, kwa ushirikiano wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA, na mwaka 2010 usimamizi wa kikoa hicho ukakabidhiwa rasmi kwa chombo hicho cha ndani ya nchi. Safari yote hiyo ya maswali huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na jibu huhifadhiwa kwa muda ili swali lilelile lisirudiwe kila mara.

Hatari ipo mwanzoni kabisa mwa safari hiyo. Mhalifu akiweza kubadili namba ya seva ya majina ndani ya ruta, hana haja ya kuvunja simu ya mtu yeyote nyumbani. Kila simu itakayounganishwa na ruta itamuuliza yeye njia, naye anaweza kuielekeza kwenye ukurasa unaofanana na ule wa benki au wa taasisi ya Serikali, ambako nywila na fedha huchukuliwa. Mwenye simu ameandika jina sahihi, herufi kwa herufi, na bado amefika pasipo.

Jambo hili limekwisha kutokea kwa kiwango kikubwa. Novemba 2011 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitangaza kuvunjwa kwa mtandao wa kihalifu uliotumia programu hasidi iitwayo DNSChanger, iliyoathiri kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100. Programu hiyo ilibadili namba za seva za majina kwenye kompyuta, na pia ilijaribu kuingia kwenye ruta zilizoachwa na nywila za kiwandani. Seva za wahalifu hazikuweza kuzimwa papo hapo, kwa kuwa waathirika wangebaki bila mtu wa kumuuliza njia. Ziliwekwa seva safi za muda mahali pake, nazo zikazimwa Julai 9, 2012. Katika miaka hiyohiyo nchini Brazil, modemu za majumbani zaidi ya milioni 4 zilibadilishwa namba hizo kupitia kasoro ya programu iliyokuwa ndani yake.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza kwa mwenye ruta ni kukagua. Simu au kompyuta huunganishwa kwanza na ruta yenyewe, kisha anwani ya ukurasa wa mipangilio huandikwa kwenye kivinjari. Anwani hiyo pamoja na jina na nywila za kuingilia hubandikwa chini au nyuma ya ruta. Zinazoonekana mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 na 192.168.8.1. Zipo nywila mbili zinazochanganywa na wengi: moja ni ya kujiunga na Wi-Fi, nyingine ni ya kufungua mipangilio. Ya pili ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayompa mtu uwezo wa kubadili namba za seva. Nyumba ya wageni inayompa kila mpangaji nywila ya Wi-Fi huku ile ya mipangilio ikibaki "admin" imeacha mlango wa nyuma wazi.

Ndani ya mipangilio, neno la kutafuta ni DNS, na aghalabu hupatikana mahali pawili. Pa kwanza ni sehemu ya muunganisho wa nje, iitwayo "WAN" au "Internet", panapoonyesha namba ambazo ruta yenyewe inatumia. Pa pili ni sehemu ya mtandao wa ndani, "LAN" au "DHCP", panapoonyesha namba ambazo ruta huzigawia simu. Ikiwa hakuna aliyewahi kubadili kitu, kwa kawaida sehemu ya kwanza huachwa ijipangie kutoka kwa mtoa huduma, na ya pili huonyesha anwani ya ruta yenyewe au huwa tupu. Namba ngeni isiyojulikana na mtoa huduma wala na mwenye nyumba ni sababu ya kutosha ya kuchukua hatua.

Je, namba hizo zibadilishwe? Mara nyingi hapana haja. Seva ya mtoa huduma iko karibu kimtandao, na tovuti kubwa zenye nakala katika nchi nyingi hutumia mahali ilipo seva iliyouliza ili kuchagua nakala ya kumpa mtumiaji. Seva ya mbali huenda ikamletea nakala ya mbali. Wanaobadili kwa kutarajia kuongeza kasi ya bando hukosea, kwani seva ya majina huharakisha swali la njia tu, wala haipanui barabara. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ilidorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Hakuna namba ya DNS ambayo ingeirejesha, kama vile kuuliza njia kusivyomsaidia dereva pale barabara ya Kilwa ilipokatika eneo la Somanga baada ya Kimbunga Hidaya, siku chache kabla.

Zipo hata hivyo sababu halali za kubadili. Seva ya mtoa huduma inapokwama, mtandao huonekana umesomeka kwenye simu lakini kila tovuti inakataa kufunguka. Mzazi naye anaweza kutaka seva inayozuia kurasa za ngono na za utapeli. Seva za umma zinazotumika bila malipo ni pamoja na 8.8.8.8 ya Google, iliyoanza mwaka 2009, 1.1.1.1 ya Cloudflare ya mwaka 2018, na 9.9.9.9 ya taasisi ya Quad9, ambayo hukataa kujibu majina yanayojulikana kuwa ya kihalifu. Kwa familia, Cloudflare hutoa 1.1.1.3, inayozuia pia maudhui ya watu wazima. Ikumbukwe tu kwamba yeyote anayejibu maswali hayo huyaona: majina ya tovuti zote zinazotembelewa na nyumba nzima hupita mikononi mwake.

Anayebadili aandike kwanza namba za awali kwenye karatasi, ajaze nafasi zote mbili, ya kwanza na ya akiba, ahifadhi, kisha azime na kuwasha ruta. Baadhi ya ruta zinazouzwa na kampuni za simu zimefungwa kiasi kwamba sehemu hii haibadiliki. Mwenye ruta ya namna hiyo anaweza kutumia simu yenyewe, kwani simu za Android kuanzia toleo la 9 zina mpangilio wa "Private DNS", ambao hupokea jina, kwa mfano dns.google, badala ya namba, na hufunga maswali yasisomwe njiani. Simu iliyopangwa hivyo haiifuati tena seva ya ruta, hivyo hata kizuizi cha mzazi kilichowekwa kwenye ruta hakitaigusa.

Anayekuta namba asizozitambua abonyeze kwa pini kitufe kilicho ndani ya tundu dogo la ruta kwa takriban sekunde 10, mpaka taa zizime na kuwaka upya. Mipangilio yote hurudi ya kiwandani, pamoja na ile nywila dhaifu, kwa hiyo nywila mpya ya mipangilio iwekwe kabla simu nyingine hazijaunganishwa. Nywila za benki na za barua pepe zilizotumika kupitia ruta hiyo nazo zibadilishwe. Kivinjari kikionya kwamba muunganisho si salama kwenye ukurasa wa malipo, onyo hilo lisirukwe, kwa kuwa mara nyingi ndilo dalili pekee inayoonekana. Ujumbe mfupi wa kitapeli, ikiwa ni pamoja na ule unaomtaka mtu afungue kiungo "kuboresha ruta", hutumwa bure kwenda namba 15040.