Kabla Ununue Kamera Mpya, Uliza Betamax Ilikufa Aje

Wasee, swali linalojaa inboksi yangu kila mwisho wa mwezi ni hili: "Buda, ninunue kamera ama nikae na simu?" Leo najibu kwa historia, juu hili swali si letu peke yetu. Watu wamesimama dukani wakijikuna kichwa mbele ya mashine za kurekodi video tangu 1975. Walijifunza kwa pesa yao, sisi tunaweza kujifunza bure.

Na sisemi kama mtu ako pembeni. Nina elfu 70 niliyoweka kidogo kidogo nikishuti harusi na ruracio za watu. Tangu niache chuo sijawahi shika pesa kama hiyo kwa mpigo. Kuna kamera ya mtumba mjini, body na lenzi moja, bei ni hiyo hiyo. Nimeenda kuiangalia mara tatu. Kwa hivyo haya mahesabu ni yangu pia.

Tuanze Japani. Mwaka wa 1975 Sony walitoa Betamax, deki ya kurekodi TV ukiwa nyumbani. Kaseti yake ilikuwa ndogo na picha yake safi. Mwaka uliofuata, 1976, kampuni nyingine ya Japani, JVC, ikatoa VHS. Kaseti kubwa, na picha iliyokuwa chini kidogo ya Betamax. Ukiwauliza mafundi wa enzi hizo, wengi wangekuambia chukua Betamax.

Lakini kulikuwa na shida moja. Kaseti ya kwanza ya Betamax ilibeba saa moja tu. VHS ilibeba mbili. Sasa fikiria, muvi ni saa moja na nusu na zaidi. Unarekodi, halafu kaseti inaisha wakati jambazi ndio ameingia kwa nyumba. Nani anataka hiyo? Marekani wakazidisha. Kampuni ya RCA ilitaka mashine inayoweza kurekodi mechi nzima ya futiboli ya kwao, ambayo huvuka saa tatu, na 1977 wakaanza kuuza VHS inayofika saa nne. Sony nao wakapunguza mwendo wa tepu ili wafikishe saa mbili. Walipofanya hivyo, ile picha safi waliyokuwa wanajivunia ikashuka. Yaani walipoteza silaha yao wakikimbizana na mwenye tayari alikuwa mbele.

Somo la kwanza ni hilo. Mtu wa nyumbani hakuwa anauliza "picha ni safi kiasi gani?" Alikuwa anauliza "itamaliza muvi yangu?"

Somo la pili ni majirani. JVC waliwaruhusu watengenezaji wengi watoe mashine za VHS. Zikawa nyingi, bei ikashuka, na maduka ya kukodisha kaseti yakajaza VHS kwa rafu. Ukiwa na Betamax ulikuwa na picha nzuri na hakuna mtu wa kubadilishana kaseti naye. Mwaka wa 1988 Sony wenyewe wakaanza kutengeneza deki za VHS. Hebu fikiria hiyo aibu. Deki za Betamax walizitengeneza hadi 2002, na kaseti zake waliacha kuziuza 2016.

Sasa tuje kwa kamera zenyewe, juu deki ilikuwa ya kurekodi TV. Mwaka wa 1983 Sony walitoa Betamovie, kamera na rekoda ndani ya kitu kimoja cha kubeba begani. Lakini haikuweza kucheza ulichorekodi. Ilibidi ufike nyumbani, uweke kaseti kwa deki, ndio ujue kama umepata ama umekosa. Mwaka uliofuata JVC wakaja na kamera ya kaseti ndogo, VHS-C, ambayo ungeiweka ndani ya adapta na kuicheza kwa deki ya kawaida ya VHS. Halafu 1985 ikaja Video8, kamera ndogo zaidi, tepu refu, lakini kaseti yake haingii kwa deki ya VHS kabisa. Unaunganisha kamera na TV kwa waya. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Kila hatua hapo, wauzaji walisema ya jana ni takataka. Lakini angalia kazi zilizobaki kwa historia. Usiku wa Machi 3, 1991, huko Los Angeles, fundi wa mabomba anayeitwa George Holliday alichukua Handycam yake na kurekodi kutoka kwa roshani polisi wakimpiga Rodney King. Picha ina giza, inatetemeka. Dunia nzima iliiona. Mwaka uliofuata Nigeria, Kenneth Nnebue akatoa Living in Bondage kwa kaseti za VHS, moja kwa moja hadi sebuleni kwa watu, bila kupitia jumba la sinema. Wengi huihesabu kama mwanzo wa Nollywood. Na hapa kwetu, Riverwood ilipata jina lake kutoka River Road, kwa wasee waliokuwa wanashuti vichekesho na kamera ndogo na kuuza kwa VCD. Hakuna mmoja wao aliyengoja kifaa cha Hollywood.

Najua kuna mtu tayari anasema, "Si basi tukae na simu, maneno yameisha?" Pole pole. Historia pia inasema vifaa vina maana. Bila VHS, Nnebue hangefika sebuleni. Tangerine ya 2015 ilishutiwa na iPhone 5s na kila mtu hupenda kuitaja, lakini sauti hawakuachia maiki ya simu. Walileta vifaa vya sauti vya kitaalamu. Walijua penye simu inawaangusha na wakaweka pesa hapo.

Na kuna ukweli mwingine mchungu. Kwa kazi ya harusi, kamera ni kama suti. Mteja mmoja aliniona na simu na gimbo, akaniuliza mbele ya wazee kama mpiga picha mwenyewe yuko njiani. Kazi nilifanya, video aliipenda, lakini hakunirejelea tena. Kwa hivyo sitakudanganya ati kamera kubwa ni maringo tu. Inalipa kodi ya watu wengi.

Basi mbona bado sijaenda kuichukua?

Kwa sababu ya sanduku la shosho. Ndani kuna kaseti kumi na nne. Tisa ni VHS, tano ni Video8 za mjomba aliyekuwa na kamera miaka ya tisini. Moja ni harusi ya wazazi wangu, 1997, na kwa hiyo harusi babu alisimama akawapa nasaha. Babu alifariki kabla nizaliwe. Kwa simu hakuna, kwa redio hakuna. Sauti yake iko kwa hiyo tepu tu, na mimi sijawahi kuisikia.

Kampuni ya mwisho kubwa kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, ilifunga hiyo laini Julai 2016. Zilizobaki ni za zamani, na kila moja inayoharibika ni moja imepungua. Tepu nayo ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku. Joto na unyevu vinaila, na nyingine zimeshaota ukungu mweupe. Fundi niliyempata anaweza kusafisha na kuhamisha zile za VHS. Zile za Video8 haziingii kwa deki, zinataka kamera ya aina yake inayofanya kazi, na hiyo lazima itafutwe na kununuliwa. Nikijumlisha na diski mbili za kuhifadhia, ni elfu 38. Kamera imeenda.

Hapo ndipo historia ilinimalizia ubishi. Mashine mpya inaweza kungoja mwaka, juu hata ikitoka dukani nyingine itakuja, na bei ya hii itashuka. Imekuwa hivyo tangu 1975. Tepu haingoji. Kwa hivyo nalipia kaseti kwanza. Pesa itakayobaki nanunua maiki mbili za kubana kwa kola na taa moja, kwa sababu malalamiko ninayopata ni "hatusikii", sijawahi pata "pikseli hazitoshi". Harusi ikija na mteja anayetaka kuona suti, nitakodisha kamera ya siku moja na kuweka hiyo gharama kwa bei yake.

Wewe ukitaka kuamua, jiulize kama wale wa VHS. Ni nini hasa kinakatiza video yako: muda, sauti, mwanga, ama ni roho tu inataka kitu kipya? Unayemrekodia ataweza kuiona? Na miaka ishirini ijayo, utaicheza na nini? Kama kamera mpya inajibu moja ya hayo, nunua na usiombe mtu ruhusa. Kama haijibu, acha ikae dukani.

Na wikendi hii ukienda nyumbani, uliza kama kuna kaseti mahali. Angalia chini ya kitanda, nyuma ya kabati, popote. Uliza mapema, wenye kujua ni ya nini wakiwa bado wapo.