Tafsiri ya anwani za mtandao

Tafsiri ya anwani za mtandao (kifupi: NAT) ni njia inayowezesha vifaa vingi vyenye anwani binafsi kutumia intaneti kwa pamoja kupitia anwani moja au chache za umma. Kazi hiyo hufanywa na ruta, yaani kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani, kama ule wa shule, ofisi au nyumba, na intaneti.

Historia

Toleo la nne la itifaki ya intaneti (IPv4) lina anwani 4,294,967,296 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilionekana kwamba hazitatosha. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walieleza NAT katika hati ya RFC 1631. Februari 1996 hati ya RFC 1918 ilitenga mafungu matatu ya anwani binafsi: zinazoanza na 10, zinazoanza na 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Kwa kuwa anwani hizo hazipitishwi kwenye intaneti, zinaweza kutumika wakati uleule Tarime, Mugumu na Stockholm bila kugongana.

Akiba kuu ya dunia ya anwani za IPv4 iliisha Februari 2011. AFRINIC, shirika linalogawa anwani barani Afrika, lilianza kugawa kutoka fungu lake la mwisho mwaka 2017.

Namna inavyofanya kazi

Kwa mfano, shule ya sekondari wilayani Tarime ina kompyuta 20 na anwani moja ya umma, 203.0.113.5. Kompyuta yenye anwani 192.168.1.10 inapoomba ukurasa, pakiti inayotumwa hubeba anwani hiyo pamoja na namba ya poti, tuseme 50000. Ruta huondoa anwani binafsi, huandika 203.0.113.5 na poti nyingine, tuseme 40001, kisha huweka kumbukumbu ya badiliko hilo katika jedwali. Jibu likirudi kwenye poti 40001, ruta hutazama jedwali na kulipeleka kwa kompyuta iliyoomba. Kumbukumbu isiyotumika kwa muda hufutwa.

Namba za poti huishia 65,535, hivyo anwani moja huweza kuhudumia maelfu ya mawasiliano kwa wakati mmoja.

Katika Mkoa wa Mara

Katika miaka ya 2000, mradi wa Serengeti Broadband Network ulipeleka intaneti katika wilaya za Bunda na Serengeti. Ulishirikisha COSTECH, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Uswidi, na ulitumia nyaya za faiba za TANESCO. Mtandao wa namna hiyo, ambamo hospitali, shule na ofisi hutegemea njia moja ya kutokea nje, ni mazingira ambayo NAT inafaa.

Wakazi wengi hutumia intaneti kwa simu. Makampuni ya simu duniani mara nyingi hufanya NAT ndani ya mitandao yao, na Aprili 2012 fungu la 100.64.0.0/10, lenye anwani 4,194,304, lilitengwa kwa kazi hiyo. Kwa utaratibu huo, simu iliyoko Sirari inaweza kuonekana kwenye intaneti kwa anwani ileile ya simu iliyoko Mugumu.

Matatizo

Kifaa kilicho nyuma ya NAT kinaweza kuanzisha mawasiliano, lakini hakifikiki kwa urahisi kutoka nje. Shule inayotaka kuweka seva yake hulazimika kuelekeza poti kwenye ruta, na mteja wa simu kwa kawaida hana uwezo huo.

Tovuti ikifungia anwani moja kwa kosa la mtu mmoja, wote wanaoitumia hufungiwa. Vilevile anwani peke yake haitoshi kumtambua mtumiaji. Huhitajika pia namba ya poti na saa kamili. Nchini Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliagiza kila kompyuta ya kukodisha katika intaneti kafe ipewe anwani ya umma isiyobadilika. Sharti hilo ni kinyume cha NAT, na huhitaji anwani nyingi ambazo ni adimu.

NAT pia si badala ya ulinzi: haizuii programu hasidi ambayo mtumiaji ameipakua mwenyewe.

Toleo la sita (IPv6) lina anwani za kutosha kukipa kila kifaa anwani yake ya umma. Hata hivyo, NAT huendelea kutumika kwa sababu tovuti na vifaa vingi bado hutegemea IPv4.